Huguette Bastide na Njia ya Reli Isiyo na Treni

Padri wetu, Bwana Meya, ndugu na majirani wa pande zote mbili za mlima, na ninyi wenzake marehemu wa baiskeli mliofika asubuhi hii na viatu vyenye tope, familia ya Bastide na familia ya Faugier zinawashukuru kwa kusimama pamoja nasi. Mimi ni Noélie, mjukuu wa marehemu, mtoto wa Régis, na nimepewa kazi ya kusoma maisha ya Bibi kwa sababu baba alisema yeye hatafika mwisho wa ukurasa wa kwanza. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, baba alipoumia mgongo na mbuzi wakabaki bila mtu wa kuwakamua, kwa hiyo mkiona sentensi imekaa vibaya mnivumilie, lakini tarehe zote nimezihakiki, na nisiyoyajua nimeyauliza, kwa Babu, kwa Bibi Solange, mdogo wake marehemu, na kwa kila aliyenifungulia mlango siku hizi tatu. Babu ameisikia historia hii kabla yenu, akaomba jambo moja liondolewe, nami nimeliondoa.

Marehemu Huguette Marcelle Bastide, wa ukoo wa Faugier, alizaliwa tarehe 11 Februari 1949, katika nyumba ya geti la reli la Les Combes, kijiji cha Saint-Cirgal, akiwa mtoto wa kwanza wa Alphonse Faugier, fundi wa kukagua reli, na mkewe Berthe, mlinzi wa geti, kazi iliyokuja pamoja na nyumba, bustani ya mboga na kengele ukutani. Theluji ilikuwa imefunga barabara, mkunga akaletwa na treni ya asubuhi, dereva akasimama mahali pasipo na stesheni, jambo lililokatazwa kabisa, na abiria wote, kwa maelezo ya mama yake, walikaa kimya wakisikiliza, mtoto alipolia ndipo treni ikaendelea na safari. Nimetafuta mtu wa kunithibitishia hilo, sikumpata. Babu anasema mama mkwe wake hakuwahi kusimulia kitu bila kukitia chumvi, lakini Bibi Solange anashikilia kwamba ni kweli tupu, na kwamba ndiyo maana dada yake aliona si vibaya watu kucheleweshwa kidogo.

Bibi Solange mwenyewe, ambaye mnamwona pale mbele na kofia ya buluu, alizaliwa tarehe 3 Septemba 1953, katika chumba kilekile. Walikuwa wawili tu, walilala kitanda kimoja, na kazi yao kabla ya kwenda shule ilikuwa kumsaidia mama kufunga geti treni inapokaribia na kulifungua ikishapita, wakibishana nani ameisikia kwanza.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya Saint-Cirgal kuanzia mwaka 1955, akapata cheti chake mwezi Juni 1963, akiwa na alama nzuri sana katika jiografia na mbaya sana katika ushonaji. Alitaka kuendelea na masomo mjini. Mwalimu wake alikuja nyumbani mara mbili kumwombea, baba yake akamtilia kahawa mara mbili, na mara zote mbili akamsindikiza mpaka getini. Mwezi Septemba mwaka huohuo Bibi akaanza kazi katika kiwanda cha kusokota hariri kule bondeni, akishuka na treni asubuhi na kupanda nayo jioni, na ile ramani ya darasani, ambayo mwalimu alimpa kwa kumhurumia, aliibandika juu ya kitanda.

Treni ya mwisho ilipita Les Combes tarehe 31 Oktoba 1968. Bibi alisema kwamba kwa miezi kadhaa mama yake aliendelea kutoka nje saa ya treni, anasimama na mikono kwenye aproni, halafu anarudi ndani. Mwaka uliofuata reli ziling'olewa zikauzwa kama chuma chakavu, ikabaki njia tambarare ya kokoto inayopita katikati ya milima yetu bila kupanda wala kushuka. Bibi akanunua baiskeli nyeusi ya kiume iliyokuwa ya mpeleka barua, na akajifunzia palepale, kwa sababu hapakuwa na magari wala wa kumcheka. Kovu la kidevuni, ambalo sisi wajukuu tuliambiwa ni la kupigwa teke na mbuzi, ni la kokoto za Les Combes. Kwa hiyo naweza kusema kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kupita njia ile kwa baiskeli, ingawa mwenyekiti wa chama chao cha baiskeli, Mzee Lucien Ponsard, anadai mjomba wake aliwahi kupita wakati wa vita, juu ya mataruma, zile mbao za chini ya reli, na mambo hayo mtayamaliza wenyewe wakati wa chakula.

Ilikuwa kwenye njia hiyo Bibi alipokutana na Firmin Bastide, kijana mfugaji, ambaye mbuzi wake walikuwa wameifanya kuwa sebule yao. Alipiga kengele ya baiskeli, mbuzi hawakusogea, na yule kijana, aliyekuwa amelala kwenye majani anatafuna unyasi, akamwambia kwamba hao ndio wenye haki ya kupita kwanza kwa kuwa hawana haraka. Bibi akamjibu kwamba mfugaji asiye na haraka hafiki mbali. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Juni 1972, kwanza ofisini kwa meya, kisha kanisani, wakakaa palepale kwenye nyumba ya geti, na mwezi Septemba mwaka huo Bibi akaacha kiwanda, akawa mpishi wa shule ya Saint-Cirgal, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwezi Juni 2009. Walio wengi hapa, chini ya miaka hamsini na mitano, wamekula supu yake, na wanakumbuka kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuinuka kabla ya karoti kwisha.

Mdogo wake Solange aliolewa tarehe 28 Aprili 1973 na Edmond Rochas, seremala wa Vaubrun, kijiji cha upande wa pili wa mlima. Siku hiyo watu wa kwetu walipita kwa miguu ndani ya handaki la treni lililotoboa mlima, na taa za mafuta na kodiani, bibi harusi akiwa amebeba viatu mkononi, na kila aliyekuwepo niliyemuuliza ameniambia kwamba hajawahi kusikia tena uimbaji kama ule, maana kila mstari waliouimba ulirudi kuwaimbia. Kupitia handaki, kutoka geti la Les Combes mpaka kwa Solange, ni mwendo mfupi wa baiskeli ambao hautoi jasho. Kwa barabara inayopanda juu ya mlima ni safari ya kumaliza asubuhi nzima.

Mwaka 1974 shirika la reli liliuza njia ile vipande vipande kwa wenye mashamba ya jirani, na Babu akanunua kipande chenye handaki. Mle ndani hewa ni ya baridi na unyevu mwaka mzima, na jibini la mbuzi linapenda hali hiyo kuliko linavyompenda mfugaji. Aliweka rafu kuanzia mlangoni mpaka katikati, akatundika milango ya chuma kwenye midomo yote miwili, na lazima niseme, kwa kuwa Babu mwenyewe kaniruhusu, kwamba Bibi ndiye aliyeushikilia mlango wa upande wetu wakati yeye anakaza bawaba. Wakati ule basi lilipita mara mbili kwa siku, Edmond alikuwa na gari, na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimefungwa.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Régis, baba yangu, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1975 na ndiye anayeendesha ufugaji hivi sasa, na Shangazi Sabine, aliyezaliwa tarehe 2 Desemba 1979, ambaye ni muuguzi mjini Valence. Marehemu ameacha pia wajukuu watatu.

Bibi alipostaafu, Babu alitarajia atapata msaidizi wa kugeuza jibini. Badala yake Bibi aliitoa baiskeli bandani, akaipaka rangi, akajiunga na Chama cha Baiskeli cha Saint-Cirgal, chenye wanachama wanane na magoti mabovu sita. Hawakuwa watu wa mashindano. Sheria yao ilikuwa moja tu, nayo waliishika kama amri ya kanisa: wakifika njia panda, wanachagua barabara yenye majani katikati, kwa sababu majani yakiota katikati ya lami ujue magari hayapiti, na pasipopita magari mtu anaweza kuendesha huku anaongea na mwenzake, anasikia ndege, na anaweza kusimama katikati ya barabara kuangalia kitu bila kuomba ruhusa. Chakula walibeba, maji walichota kwenye mabomba ya makaburini, maana makaburi ya kila kijiji hayakosi bomba la kumwagilia maua, na ndiyo sababu Bibi aliwajua marehemu wa nusu ya mkoa huu kwa majina yao.

Nilikuwa namwonea ajabu. Wengine wakirudi safari wanaleta picha, yeye alileta maswali. Kwa nini kengele ya kanisa kule Lozère inapiga saa, inatulia kidogo, halafu inaipiga saa ileile tena, je, kuna mtu aliyelalamika kwamba hakusikia? Kwa nini ng'ombe wa Aubrac wana wanja machoni? Nani aliamua kwamba kitongoji cha nyumba tatu kijengewe barabara, na alikuwa anampenda nani kule juu? Akikuta mtu anamwagilia bustani alishuka na kumuuliza, na wenzake wakajua safari imekwisha mpaka jibu lipatikane. Kwenye mlima alipanda taratibu bila kushuka kwenye baiskeli, lakini mteremko ndio uliomkera, akifunga breki mpaka zinalia, na siku nilipomuuliza sababu alisema kwamba ukipanda unakiona kila kitu na ukishuka unakiona kimekwisha pita.

Mwaka 2012 Bibi Solange alifanyiwa upasuaji wa nyonga, mwaka 2013 mumewe Edmond akafariki, na basi likawa limeondolewa zamani. Kuendesha gari hajawahi kujifunza. Alijinunulia baiskeli ya magurudumu matatu, akawa anazunguka Vaubrun yote, lakini mlima hakuuweza, na barabara ya mlimani ilikuwa imejaa malori ya magogo. Babu alijitolea kumfuata kwa gari kila Jumapili, naye akakataa, akasema hatabebwa kama gunia la viazi kwenda kwenye nyumba aliyozaliwa, atakwenda mwenyewe au hataenda. Hivyo Bibi akawa anauvuka mlima kwa baiskeli kila Alhamisi kwenda kula kwa mdogo wake, na Bibi Solange kwa miaka kumi hakukanyaga Les Combes. Kuanzia hapo Bibi alikuwa na jambo moja alilolitaka kuliko yote, na alilisema wazi kwa kila mtu: kwamba Solange aje kwenye meza ya mama yao kwa magurudumu yake mwenyewe, na njia ya kumleta ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imejaa jibini.

Mwaka 2014 vijiji vyetu viliungana kuigeuza njia ya reli kuwa njia ya baiskeli. Wakaisawazisha kutoka bondeni mpaka mlango wa handaki upande wetu, na kutoka uwanda wa juu mpaka mlango wa upande wa Vaubrun, wakaja kumwomba Babu. Babu akakataa. Meya wa wakati ule hakutaka kumlazimisha, kwa sababu wapiga kura wake karibu wote walikuwa wanakula jibini hilo. Ila aliyechora ramani ya watalii alikuwa na matumaini makubwa, akaipitisha njia handakini kwa nukta nukta, na wageni wakaanza kuja, Wabelgiji, Waholanzi, wazee kwa watoto, wakifuata nukta mpaka kwenye mlango wa chuma, wakagonga. Babu alikuwa anafungua kidirisha na kuwauzia jibini. Hapo Bibi akagundua kwamba kampeni yake yote imemletea mumewe wateja ambao hawezi kuwapata kwa njia nyingine, maana mwendesha baiskeli aliyegonga ukuta mwisho wa njia ana njaa na hana pa kwenda.

Nyumbani mambo hayo tuliyaita vita ya handaki, na yalipiganwa wakati wa chakula, bila chuki, miaka tisa. Babu alisema, "Mwanamke huyu anataka kunifukuzia jibini nyumbani kwake ili Waholanzi wapite." Bibi akasema, huku anampakulia, "Jibini lako halina nyonga, Firmin. Mdogo wangu anayo, na inamuuma." Babu akasema yeye ameshajitolea kumfuata na gari. Bibi akasema aende basi akambebe kwa nguvu, tumwone atakavyorudi. Kisha wakala.

Mwezi Novemba 2022 Bibi alianza kukosa pumzi kwenye milima ambayo alikuwa akiipanda huku anaongea. Mwanzoni aliilaumu baiskeli, akabadilisha mnyororo. Tarehe 7 Machi 2023 daktari bingwa mjini Valence alitueleza kwamba mapafu yake yanakakamaa, kwamba hakuna dawa ya kuyarudisha yalivyokuwa, na kwamba asipande tena mlima wowote. Alimuuliza daktari maswali mengi sana, mpaka zamu ya mgonjwa aliyefuata ikapita. Njiani kurudi akamwambia Shangazi Sabine kwamba sasa hesabu imekamilika, upande huu yeye hawezi kupanda na upande ule Solange hawezi kupanda.

Alhamisi hakuziacha lakini. Kutoka nyumba ya geti mpaka mlango wa handaki ni tambarare, akawa anakwenda polepole na baiskeli yake, anakaa kwenye jiwe mbele ya mlango wa chuma, na Bibi Solange anakuja na magurudumu matatu mpaka mlango wa pili, kila mmoja na simu yake. Nilimuuliza Bibi kwa nini wasipigiane wakiwa nyumbani penye joto. Alisema simu ya nyumbani inamfanya Solange awe mbali, lakini pale wametengwa na mlima tu.

Yanayofuata nimeyapata kwa Babu, tukiwa tunakamua. Alhamisi moja ya mwezi Mei alikuwa ndani ya handaki anageuza jibini, katikati kabisa, na kwa jinsi handaki linavyobeba sauti aliwasikia wote wawili, mkewe kupitia mlango wa kulia na shemeji yake kupitia mlango wa kushoto, kana kwamba wamekaa naye. Waliongea kuhusu vitunguu, na kuhusu mtoto wa jirani aliyenyoa upande mmoja. Kisha Bibi Solange akauliza, "Mumeo yupo?"

"Yumo humo ndani, anageuza watoto wake."

"Nimemsikia akikohoa. Mwambie avae sweta."

"Mwambie wewe," Bibi akasema, akavuta pumzi, na Babu alisikia jinsi ilivyomchukua muda kuivuta. "Leo uko karibu naye kuliko mimi."

Babu aliniambia, "Nilijiona mjinga, Noélie. Nimesimama na jibini mikono yote miwili, ndani ya mali yangu mwenyewe, na wanawake wawili wananisengenya kutoka huku na kule, na mmoja wao hana pumzi." Akaenda akavaa sweta. Wiki hiyo, mezani, alisema tu kwamba ameipitia ghala ya chini ya kile kiwanda cha zamani cha hariri, na haina ubaya. Bibi hakumuuliza ubaya wa nini. Alimwongezea supu.

Chama cha baiskeli kilijitolea kuhamisha jibini, na Jumapili tarehe 11 Juni 2023 walifika wote wanane, Bibi akihesabiwa ingawa alikuwa amekaa kwenye kiti na mashine yake ya hewa. Babu aliwajazia mikoba ya pembeni kwa mikono yake, kila jibini limefungwa kwenye karatasi, akawaeleza mara tatu, wafuate barabara kuu, washuke moja kwa moja mpaka bondeni, ni karibu, wasisimame. Wakasema wamesikia, na naamini walikuwa wanasema kweli. Lakini walipofika njia panda ya kwanza, upande mmoja barabara kuu, upande mwingine kibarabara chenye majani katikati, hakuna hata aliyefikiri, wote wakakata kona kwenda kwenye majani. Wakapanda kilima, wakashuka, wakapanda kingine. Gurudumu moja likatoboka. Walikula chakula chao kwenye chemchemi, kwenye jua la Juni, wakiangalia milima, na ni Bi Arlette Fabre, kama nilivyoambiwa na yeye mwenyewe, aliyesikia harufu na kukumbuka walichokibeba.

Tulikuwa tunawasubiri kwenye ghala, Bibi akiwa na kiti chake na mashine yake, na tulikuwa tumeshaanza kuogopa ajali. Babu alifungua mkoba wa kwanza, akatazama muda mrefu, akafungua wa pili. Mzee Ponsard akasema kwamba hali ya hewa ilikuwa safi sana, wameiona hata milima yenye theluji. Babu akasema, "Nimewapa jibini, mmeniletea supu."

Nusu ya jibini ilikuwa bado ndani ya handaki, milango ilikuwa bado kwenye bawaba zake, na kila aliyekuwepo alijua kwamba Babu akitamka neno moja tu, hapana, yote yamekwisha, na kwamba safari hii hakuna miaka tisa mingine ya kubishana. Bibi hakumbembeleza. Alivuta hewa ya mashine yake na kusema, "Hiyo iliyobaki ibebe mwenyewe kwa gari, Firmin. Na ukifika kwenye kona ya kanisa punguza mwendo."

Babu akamtazama, akawatazama wale wazee saba na kofia zao. "Watu wako hawa," alisema, "hawafai kutumwa hata mkate." Akachukua funguo za gari. Alimaliza kuhamisha kesho yake, na Jumatano akaing'oa milango.

Alhamisi tarehe 15 Juni 2023 Bibi Solange alipita handaki kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, Babu akitangulia kwa miguu na taa. Bibi alisimama kwenye geti, mahali aliposimama mama yake, na nilikuwa nimemshika mkono. Bibi Solange alifika, akafunga breki, akaitazama nyumba, dirisha hadi dirisha, na nikadhani nitasikia jambo kubwa.

"Umepika nini?" akauliza.

"Supu."

"Tena," akasema Bibi Solange, akashuka, wakaingia ndani. Alikuja kila Alhamisi tangu siku hiyo, mvua au jua. Bibi mwenyewe alipita handaki mara moja tu, mpaka katikati, akasema kuna giza, kunanuka, na hakuna cha kuona, na kwamba ingekuwa kwa mapenzi yake angepanda mlima.

Lakini milango Babu hakuiuza. Aliiegemeza ukutani pale mdomoni mwa handaki, akazipaka bawaba mafuta, na alipoulizwa alisema mtu hawezi kujua ya mbele. Bibi aliiona kila alipofika pale mlangoni. Alizidiwa mwezi Septemba mwaka huu, akakataa kulazwa, na alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, alasiri, mumewe, watoto wake na mdogo wake wakiwa karibu naye. Wiki moja kabla alimwambia Babu kwamba anataka kuzikwa hapa Vaubrun. Babu alishangaa, kaburi la Bastide liko Saint-Cirgal na lina nafasi yao wote wawili. Bibi akasema mama yake amezikwa Vaubrun, jambo ambalo ni kweli, maana bibi mzaa bibi aliishi na Solange uzeeni na alifariki hapa mwaka 1991. Babu akasema hiyo si sababu. Bibi akakiri kwamba siyo.

"Ukitaka kunitembelea utapita handakini," alimwambia. "Na mlima huuwezi tena, hata kwa gari, Firmin, umezeeka. Sasa nenda karudishe milango."

Ndiyo maana ndugu zangu leo mmetembea gizani nyuma ya jeneza, na ndiyo maana wengi mmenong'ona mkiuliza ile milango iliyokuwa imeegemea ukutani imekwenda wapi. Baba na Babu waliipakia jana kwenye gari la chuma chakavu.

Familia inamshukuru Daktari Estève wa Saint-Cirgal, ambaye alijibu maswali yote ya marehemu na mengine alikwenda kuyatafutia majibu, wauguzi waliomhudumia Valence, majirani wa Les Combes walioleta kuni kabla hatujaomba, wenzake wa jikoni pale shuleni, na chama cha baiskeli, ambacho Babu anasema amekisamehe, isipokuwa suala la kubeba vitu. Baada ya maziko kuna chakula kwenye nyumba ya geti. Wenye magari tunawaomba wayaache hapa kanisani. Tutarudi wote kwa njia ya reli, Bibi Solange ataongoza kwa baiskeli yake, mwendo wake ni wa taratibu, tafadhalini msimpite.

Bibi, pumzika. Njia iko wazi.